Msumeno wa Moto Shambani: Tujikinge Kabla ya Kuvuta Kamba

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuongea nanyi juu ya malaria, shinikizo la damu, lishe ya watoto na mengine ya namna hiyo. Mwezi huu tumeona vema tuongee juu ya chombo ambacho hakina vijidudu wala hakiambukizi, lakini kinajaza vitanda katika wodi yetu ya majeruhi kila msimu wa kiangazi. Chombo hicho ni msumeno wa moto, ambao wengi wetu tunauita chenso.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Njombe, Mufindi, Makete na Kilolo, miti ni benki. Familia nyingi zina nusu ekari, ekari moja au mbili za misindano, milingoti au miwati nyuma ya nyumba au ng'ambo ya bonde. Miti hiyo imelipa ada za sekondari, imeezeka nyumba, imegharamia harusi na matanga. Hata sisi wauguzi, wengi wetu tunavyo vishamba vya namna hiyo tukingojea uzee.

Zamani mwenye shamba dogo alikuwa na shoka, panga na msumeno wa mkono. Alipotaka kuvuna alimwita fundi. Siku hizi chenso zinauzwa hata katika maduka ya mji mdogo, na asiye nayo huazima kwa jirani. Basi mtu ambaye maisha yake yote alikuwa mwalimu, karani, dereva au mkulima wa viazi anaamka Jumamosi asubuhi, anavuta kamba na kuanza kukata. Hakufundishwa na mtu. Anataka tu kuokoa fedha ambazo angemlipa fundi. Hatumlaumu, maana maisha ni magumu. Ila tunapenda ajue yale ambayo sisi tunayaona baadaye, mtu huyo anapoletwa kwetu.

MAJERAHA MAWILI

Tuwasimulie watu wawili, bila kutaja majina wala vijiji vyao.

Wa kwanza alikuwa baba mmoja, mwalimu mstaafu. Alikuwa akikata matawi ya mti uliokwisha anguka. Msumeno ulipita tawini ukaingia katika paja lake la kushoto, juu kidogo ya goti. Damu iliruka. Mkewe alikuwa karibu akikusanya kuni. Alivua kitenge, akakikunja, akakisukuma ndani ya jeraha, kisha akaweka goti lake juu yake kwa uzito wake wote. Majirani walipofika na gari dogo la mizigo walimwambia, "Mama, inuka kidogo tuone." Akajibu, "Siondoi mpaka hospitali." Alisafiri hivyo nyuma ya gari zaidi ya nusu saa. Mzee alishonwa, akaongezewa damu, na leo anatembea na fimbo akienda kukagua miti yake.

Wa pili alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Jeraha lake halikupita lile la mzee kwa urefu, tena lilikuwa mguu uleule, mahali karibu palepale. Lakini alikuwa amekwenda shambani peke yake. Aliyesikia kelele zake alichelewa kufika. Waliompata walimwaga unga wa kahawa juu ya jeraha, wakafunga kamba nyembamba isiyokaza, kisha wakakaa kungojea gari. Aliletwa kwetu akiwa amekwisha fariki njiani.

Tangu siku hiyo tumejiuliza sana. Kwa miaka mingi sisi hospitalini tulikuwa tunamshona mtu, tunamchoma sindano, tunamwambia arudi baada ya siku 10 kutoa nyuzi. Hatukumwuliza, "Je, utaishikaje chenso safari ijayo? Na nani atakuwa karibu nawe?" Makala hii ni jaribio la kulipa deni hilo.

KIIFAHAMU CHOMBO

Chenso ina injini, ina ubao mrefu wa chuma ambao hapa tutauita upanga, na juu ya ukingo wa upanga unakimbia mnyororo wenye meno. Injini ikiwa na moto wote, mnyororo hukimbia kiasi cha mita 20 kwa sekunde moja. Hiyo ni sawa na mwendo wa gari la kilometa 70 kwa saa. Panga likikugusa hukata mara moja, ukalirudisha. Mnyororo wa chenso ukikugusa, meno mengi hupita katika nyama kabla hujasema "aa". Tena haukati mstari safi kama kisu. Unachana, unatoa vipande vya nyama na kuingiza ndani vumbi la mbao, oili na nyuzi za suruali. Ndiyo maana jeraha la chenso ni gumu kushona na ni rahisi kuoza.

Hatari kubwa kuliko zote ni teke. Sehemu ya juu ya ncha ya upanga ikigusa gogo, tawi au hata kisiki kilichofichwa na nyasi, mnyororo unakwama kidogo na nguvu yote inarudi kwa mshikaji. Upanga unaruka juu na nyuma, kuelekea uso, shingo na bega. Jambo hili hutokea upesi kuliko mtu awezavyo kukwepa. Nguvu za mikono hazisaidii hapo. Kinachosaidia ni mambo matatu: kutokukata kwa ncha ya upanga, kushika kwa mikono yote miwili huku dole gumba likizunguka mpini, na kuwa na breki ya mnyororo inayofanya kazi.

Breki hiyo ni kile kinga kilicho mbele ya mpini wa mbele. Ukikisukuma mbele mnyororo husimama papo hapo. Tumesikia vijana wakisema wamekiondoa kwa sababu "kinasumbua". Ndugu zetu, hicho ndicho kinacholinda shingo yako. Ukiazima chenso isiyo na kinga hicho, irudishe.

KABLA YA KUWASHA

Tuanze na mwili wako. Je, umelala? Umekula? Umekunywa maji? Majeraha mengi yanayoletwa kwetu hutokea mtu akiwa amechoka na anataka kumalizia "mti mmoja tu". Fanya kazi asubuhi, pumzika kila baada ya muda, na uache mikono ikianza kutetemeka.

Pombe na chenso havikai pamoja. Tunajua msimu wa ulanzi unavyokuwa, na jinsi mtu anavyokaribishwa kikombe akiwa njiani kwenda shambani. Hata kikombe hicho kimoja kinapunguza wepesi wa mkono na akili. Mwenye kifafa asishike chombo hiki kabisa. Mwenye kisukari ale kwanza, na awe na kitu cha sukari mfukoni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ajue kwamba jeraha dogo kwake ni jeraha kubwa. Anayetumia dawa za kuleta usingizi angoje mpaka zimalizike mwilini.

Halafu nguo. Usivae kanzu, kitenge, koti linalopepea, wala mtandio. Usivae kandambili. Vaa buti ngumu, bora zaidi zenye chuma puani. Vaa kofia ngumu, maana tawi kavu likianguka kutoka juu halipigi hodi. Vaa miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio. Zipo pia suruali maalumu za chenso, zenye nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukizigusa, nyuzi hizo hutoka, huzunguka gurudumu la mnyororo na kuisimamisha mashine. Ni za bei kubwa, hilo twalijua. Lakini watu watano wenye mashamba jirani wanaweza kununua moja kwa ushirika na kupokezana, kwa kuwa hawakati wote siku moja. Kumbuka kwamba miguu, na hasa mguu wa kushoto, ndiyo inayoumizwa sana, kwa sababu ya jinsi tunavyoishika mashine na kusimama.

Mwisho mashine yenyewe. Iangalie ikiwa imezimwa na imepoa:

1. Mnyororo usilegee. Ukae vizuri chini ya upanga, lakini ukiuvuta kwa mkono wenye glavu uweze kuzunguka. Mnyororo uliolegea unaweza kuchomoka.

2. Meno yawe makali. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao, na mnyororo butu hutoa vumbi. Ukiona vumbi, simama, chukua tupa ya duara yenye unene ufaao mnyororo wako, noa kila jino kwa idadi ileile ya misuguo. Mwenye mnyororo butu hulazimisha, na mwenye kulazimisha huteleza.

3. Oili ya mnyororo iwepo. Wengi hutumia oili chafu iliyotolewa kwenye gari. Jamani, oili hiyo inarushwa juu ya mikono na nguo zako. Inaharibu ngozi, na kugusana nayo kwa miaka mingi kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Tumia oili safi.

4. Jaribu breki kabla ya kila kazi.

5. Akseleta ukiiachia, mnyororo usimame. Ukiendelea kuzunguka, ipeleke kwa fundi.

Unapowasha, weka mashine chini, breki ikiwa imefungwa, mguu wa kulia ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umeshika mpini wa mbele. Vuta kamba kwa mkono wa kulia. Ile tabia ya kuidondosha mashine hewani kwa mkono mmoja huku ukivuta kamba kwa mwingine iacheni. Tumeshona mapaja kwa ajili yake.

PETROLI NA WATOTO

Chenso nyingi hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Kwa mashine nyingi za siku hizi kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Soma kitabu cha mashine yako, maana nyingine hutaka vinginevyo.

Zima mashine na iache ipoe kabla ya kujaza. Ukikwisha kujaza, sogea mita 3 au zaidi ndipo uwashe. Usiweke mashine ya moto juu ya nyasi kavu. Sote tunajua moto wa Septemba na Oktoba unavyoweza kumaliza jasho la miaka 15 kwa alasiri moja.

Usinyonye petroli kwa mdomo kupitia mpira. Ikishuka mapafuni hata kidogo huleta homa ya mapafu iliyo mbaya sana. Na petroli isitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto haoni petroli, anaona soda. Akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa kwa kudhani yatazimua. Akitapika, petroli hupita tena kooni na inaweza kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mlete hospitali haraka pamoja na chupa yenyewe.

MTI UNAPOANGUKA

Hatudai kuwa mafundi wa misitu. Lakini tumewauliza mafundi wenye uzoefu, na hayo waliyotuambia yanalingana na majeraha tunayoyaona.

Kwanza, chagua mti unaouweza. Mti mnene kuliko urefu wa upanga wako, mti uliooza ndani, ulioinama sana, au ulio karibu na nyumba na barabara, mwachie fundi. Ulio karibu na nyaya za umeme, waite TANESCO. Fedha ya fundi ni ndogo kuliko gharama ya kulazwa miezi mitatu.

Pili, tazama juu kabla ya kutazama chini. Je, kuna tawi kavu lililonaswa? Upepo unavuma? Siku ya upepo usikate.

Tatu, andaa njia ya kukimbilia. Fyeka njia mbili nyuma yako, moja kulia na moja kushoto, kwa mshazari. Usikimbilie nyuma moja kwa moja, maana shina huweza kuruka nyuma likianguka.

Nne, waondoe watu. Asiyekata akae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Mti wa mita 15, watu wakae mita 30. Watoto na mbuzi wasiwepo kabisa.

Tano, kata kwa utaratibu. Upande unaotaka mti uangukie toa kipande kama mdomo uliofunguliwa, kina chake kiwe robo au sehemu ya tano ya unene wa shina. Halafu nenda upande wa nyuma, ukate juu kidogo ya pembe ya mdomo huo, lakini usifike mwisho. Acha ubao mwembamba usiokatwa, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya unene wa shina. Kwa shina la sentimita 30, acha sentimita 3. Ubao huo ni bawaba, kama ya mlango. Ndio unaouongoza mti. Anayekata mpaka mwisho amevunja bawaba, na mti huo sasa utaanguka upendako.

Sita, mti uliolalia mwingine. Huu umeua wengi. Mti unakatwa, hauanguki, unabaki umeegemea jirani yake. Usipite chini yake. Usikate ule unaoushikilia. Usikate mwingine ili uusukume. Weka alama, zuia watu, umwite fundi mwenye kamba na vifaa. Usiuache bila alama ukaenda kula, kwa sababu watoto watapita hapo wakitafuta kuni.

KUTUNZA SHAMBA BILA CHENSO

Kazi nyingi za shamba dogo hazihitaji chenso. Kupogolea misindano michanga hufanyika vizuri kwa msumeno wa mkono, na shina hupona safi kuliko lililokatwa kwa panga. Usipande ngazi wala mtini ukiwa na chenso, na usikate kitu kilicho juu ya mabega yako. Hapo upanga ukirudi unakuta uso.

Mashine ya kufyekea nyasi nayo ina hatari yake. Hurusha mawe na vipande vya miti mbali. Mtu mwingine akae umbali wa mita 15, na mfyekaji avae miwani na buti. Jicho likipigwa na kipande kikakaa ndani, usikichomoe na usilisugue. Lifunike kwa kikombe safi cha karatasi bila kulibana, mlete mgonjwa. Vumbi la mbao peke yake lisafishwe kwa maji safi mengi yanayotiririka.

Njia za kuzuia moto zilizofyekwa kabla ya kiangazi zinaokoa shamba, na pia zinaokoa watu wasiungue wakihangaika kuzima. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala asali.

MAGONJWA YAJAYO POLEPOLE

Kuna madhara mengine yasiyotoa damu. Chenso nyingi hutoa kelele ya desibeli 100 na zaidi. Wataalamu wanasema kelele ya desibeli 85 mtu anaweza kuistahimili saa 8 kwa siku. Kila kelele ikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua nusu. Ikifika 100, zimebaki dakika 15 tu. Masikio yakivuma jioni baada ya kazi, hiyo ndiyo onyo. Usikivu uliokufa kwa kelele haurudi kwa dawa.

Mtikisiko wa mashine nao huharibu mishipa midogo ya vidole. Mtu huona vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi za baridi kali ya Juni na Julai. Wengi hudhani ni baridi tu. Vaa glavu, pasha mikono moto kabla ya kuanza, pumzika mara kwa mara, na acha sigara, kwa kuwa tumbaku huzidi kubana mishipa hiyo. Vidole vikiendelea kubadilika rangi, njoo tuvione.

AJALI IKITOKEA

Hapa tunaomba kila msomaji, hata asiye na mti hata mmoja, asome polepole. Mtu mzima ana kiasi cha lita 5 za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, anaweza kufa katika dakika chache. Gari haliwezi kufika katika dakika hizo. Daktari wa dakika hizo ni yule aliye karibu.

Kwanza, zima mashine na utazame juu, usije ukaangukiwa nawe. Piga kelele ya msaada, na mtu mmoja apige simu ya gari mara moja.

Pili, mlaze majeruhi. Chukua kitambaa safi, au kilicho safi kuliko vingine. Jeraha likiwa refu kuingia ndani, kisukumize kitambaa humo mpaka kijae. Bonyeza kwa mikono yote miwili, mikono ikiwa imenyooka, au kwa goti. Usifunue kuchungulia. Shikilia dakika 10 bila kuacha. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu, usiondoe cha kwanza.

Tatu, damu ya mkono au mguu ikiendelea kuruka, funga juu ya jeraha. Tumia kitambaa kipana cha sentimita 4 au 5, kama mkanda wa kitenge uliokunjwa. Usitumie kamba nyembamba wala waya. Funga sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya goti wala kiwiko. Funga fundo, weka kijiti imara, funga fundo jingine, kisha kizungushe kijiti mpaka damu isimame. Kifunge kisilegee. Itauma sana, na hilo ni la kawaida. Kufunga kwa kulegea ni kubaya kuliko kutokufunga, kwa sababu damu huendelea kuingia mguuni na hairudi, nayo humwagika zaidi.

Andika saa uliyofunga, hata kwa mkaa juu ya paji la uso. Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa kulegeza kila baada ya muda mfupi. Siku hizi hatufundishi hivyo tena. Usilegeze. Kiungo huweza kustahimili kiasi cha saa mbili, na kazi ya kulegeza ni ya hospitali.

Nne, mfunike asipate baridi. Usimpe chakula, maji wala pombe, maana huenda akahitaji upasuaji. Ongea naye.

Tano, kidole kikikatika kabisa, kitafute. Kisioshwe kwa dawa. Kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uwekwe katika maji yenye barafu. Kisigusane na barafu yenyewe.

Sita, aliyeangukiwa na mti na kuumia shingo au mgongo, usimvute wala kumketisha. Tazama kama anapumua. Akihitaji kubebwa, mlaze juu ya ubao mpana, ambao huku kwetu haukosekani, kichwa na mwili vikisogezwa pamoja, watu wanne au zaidi wakisaidiana. Usimbebe kwenye pikipiki.

Kahawa, udongo, tumbaku, kinyesi cha ng'ombe, utando wa buibui na mafuta ya taa havisimamishi damu. Vinatia uchafu na kupoteza muda.

PEPOPUNDA HAIJAISHA

Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, navyo hupenda jeraha refu lenye uchafu ndani. Akina mama wengi walichanjwa walipokuwa wajawazito. Akina baba wengi, na hasa wenye umri wa miaka 50 na zaidi, hawajachanjwa tangu utoto, au hawakuchanjwa kabisa. Nao ndio wenye chenso. Basi, mzee wetu, usingoje kujikata. Ukija kupima presha, uliza pia juu ya chanjo hiyo. Ukijikata, hata kidogo, njoo siku hiyohiyo usafishwe jeraha na uchomwe sindano.

TUFANYE NINI JUMA HILI?

Tunawaachia mambo manne. La kwanza, asiende mtu shambani na chenso peke yake. La pili, kila anayeimiliki aweke pamoja nayo mfuko wenye kitenge safi, mkanda mpana, kijiti imara na kalamu, na aufikishe mfuko huo mpaka pale anapokatia, usibaki nyumbani. La tatu, namba ya mwenye gari aliye karibu iandikwe katika simu ya kila mmoja. La nne, jumuiya ziombe semina ya huduma ya kwanza. Yule mama wa kitenge alipoulizwa alijifunza wapi, alijibu kwamba alisikia parokiani, katika semina ya siku moja, miaka mingi nyuma. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, akimnyonyesha mtoto. Alikumbuka neno moja tu: bonyeza, usiachie.

Kumbukeni nanyi neno hilo. Tutaonana mwezi ujao.